Bastola Nane, Beseni Moja

Funguo za ghala la silaha la Mafubira, hapa Jinja, nimeshazikabidhi, na ninyi mliobaki humo mmeniomba niwaandikie niliyoyaona tangu nilipoanza kushika bunduki. Nitaandika, lakini msitegemee habari za vyeo. Nilipandishwa, nikashushwa, nikapandishwa tena, na bunduki zilikuwa zilezile. Nitaandika juu ya bastola za bei nafuu, juu ya wanaozitengeneza na barua zao tamu. Na nitaandika juu ya Etyang. Habari yake kila mmoja wenu ameisikia nusunusu, na ile nusu inayonihusu mimi huwa mnairuka kwa heshima. Heshima hiyo siitaki.

Mimi ni mtu wa kushuku, hilo mnalijua. Nilizaliwa Busiu, karibu na Mbale, na mama yangu akisikia Kiswahili barabarani alikuwa anafunga mlango kwanza, halafu ndiyo anauliza ni nani. Kwake hiyo ilikuwa lugha ya wanajeshi, na mwanajeshi aliyefika kwenu enzi zile hakufika kusalimia. Nilipoajiriwa magereza Mbale nikarudi nyumbani na sare na "jambo afande" mdomoni, aliniangalia kama nimeiba kitu. Kushuku nilikurithi kwake. Kiswahili kilikuja kunyooshwa na marehemu mume wangu, dereva wa malori kutoka Mombasa, ambaye hakugusa ugali mpaka nirekebishe sentensi. Chakula kilipoa mara nyingi sana katika nyumba ile.

Siku yangu ya kwanza katika ghala la gereza nilipokelewa na Sajini Ojara, Mwacholi mmoja mrefu aliyekuwa hana haraka na mtu. Hakuniuliza jina. Alinipa bunduki akaniuliza kama ina risasi. Nikatazama, nikasema haina. Akasema niangalie tena. Nikatazama tena, nikasema haina. Akauchukua mkono wangu, akakiingiza kidole changu kwenye chemba, halafu akanirudisha kutazama mara ya tatu. "Jicho, kidole, jicho," akasema. "Mtu anasema hapana iko kitu, wewe hapana sikia mtu." Kwa miaka yote niliyofanya kazi naye sikuwahi kumwona akipokea bunduki bila kufanya hivyo, hata ikitoka mkononi mwa mkuu wa gereza. Wakuu wengine walichukia. Yeye aliwasubirisha tu.

Ojara ndiye aliyenifundisha beseni. Kila Ijumaa tulizifungua bunduki zote, tukavitumbukiza vipande vyake ndani ya beseni moja la dizeli, tukavisugua kwa mswaki mkuukuu, tukavianika juu ya gunia. Kisha kila mtu aliokota kipande kilichokuwa karibu naye, akaunda bunduki. Wiki ya kwanza nilimuuliza hiki ni cha ipi. Alicheka mpaka akakaa chini. "Bunduki hapana iko na kabila," akaniambia. "Tia yoyote." Na kweli, zile bunduki za zamani zilikubali kila kitu. Zilikuwa zimetengenezwa legelege kwa makusudi, zinywe vumbi na matope na bado zilie. Niliosha kwa beseni miaka yote ya magereza, na haikuwahi kutokea ajali. Likumbukeni beseni hilo.

Nilipomaliza utumishi magereza nikahamia Jinja, kwenye hii kampuni yetu ya ulinzi. Ghala lilikuwa chumba kimoja nyuma ya ofisi, mlango wa chuma, dirisha moja dogo lenye nondo. Meneja ni Hajji Waiswa, ambaye bado mnaye. Ni mtu mwema, isipokuwa anaogopa mgeni yeyote mwenye faili kwapani. Silaha zilikuwa chache na kuukuu, nami nilizielewa. Tulizeeka pamoja bila ugomvi.

Halafu zikaja bastola. Hajji alizileta mwenyewe, nane, kwa ajili ya wasimamizi wa zamu, kila moja ndani ya kisanduku chake cha plastiki na kadi ya kushukuru. Kadi ilisema tumeingia katika familia. Ilisema pia kwamba dhamana yao ni ya maisha. Nikamuuliza Hajji, maisha ya nani? Yangu, yako, ama ya hiki kiwanda? Kiwanda chenyewe sikuwahi kukisikia, na sitakitaja hapa. Kila ukurasa wa kijitabu cha maelekezo ulitukataza kitu, na hakuna hata mmoja uliotueleza kwa nini. Niliwaambia wasimamizi kwamba kitu kinachouzwa nusu ya bei ya wenzake kuna mahali kimepunguzwa, na kazi yangu ni kupata mahali hapo kabla hapajatupata sisi.

Hapakuchelewa. Moja ilikwama risasi kila baada ya mbili tatu. Nyingine ilidondosha kile kidude cha kulengea, tukakitafuta kwenye nyasi asubuhi nzima. Nikaandika barua pepe kwa huduma ya wateja. Nilitarajia kimya. Kabla sijamaliza chai, jibu lilikuwa limeingia: mteja wetu wa thamani, tumesikitika, tafadhali tuma picha. Nikatuma. Wakaniambia nizirudishe bastola kiwandani. Nyie mnajua kuvusha bastola moja mpaka wa Malaba kunahitaji mihuri mingapi. Mimi nizirushe kwa ndege kama sahani za harusi? Nikawaeleza. Wakaelewa, wakasikitika tena, na baada ya wiki kadhaa kikaja kifurushi. Ndani mlikuwa na kofia nane.

Kofia nilizigawa. Lakini lazima niseme kweli, maana naandika kwa ajili ya kusema kweli: mara ya pili walileta springi za magazini, nzuri, bila kuniuliza chochote, na kukwama kukaisha. Mtu mwingine angewasifu. Mimi nilijiuliza wanaficha nini. Nilipoona barua zao zina saini ya jina jipya kila mara, nikaamua kwamba hakuna mtu huko, kuna mashine tu ya kusikitika. Tangu hapo nilizisoma kama mtu anavyosoma matangazo ya waganga kwenye nguzo za umeme. Naona aibu kuliandika hilo.

Sasa Etyang. Alikuwa msimamizi wa zamu kwenye tawi letu la Mbale, Mteso, mlokole, mtu wa kunyoosha shati mpaka kola inakata shingo. Bastola ya kule ililetwa kwangu Jinja kila Ijumaa kusafishwa, ikarudi jioni; kila nilipokwenda kukagua silaha kule, kitabu chake kilikuwa kimejazwa, na mkoba wake wa bastola ulikuwa umefungwa kifungo. Asubuhi moja, wakati wa kubadilishana zamu, bastola yake ilifyatuka ofisini. Risasi ilipita katika shavu la mguu wa mwenzake, Khainza, aliyekuwa amempa mgongo, anatia saini kitabu cha mahudhurio. Etyang alisema alikuwa anaiweka mezani, ikamponyoka, ikagonga sakafu, ikalia yenyewe. Khainza hakuona. Hakukuwa na mtu mwingine.

Polisi walimchukua saa hiyo hiyo. Hakuna mtu katika kazi hii anayeamini "ikalia yenyewe." Tumeisikia kwa walevi, tumeisikia kwa wapumbavu waliokuwa wakiwachezea wenzao. Mimi pia sikumwamini. Nilisema moyoni, kumbe na wewe. Halafu nikamshuku Hajji, kwamba alizinunua kwa kujuana. Mwisho nikakishuku kiwanda, na hapo ndipo roho yangu ilipotulia, maana nilikuwa nimekisubiri siku nyingi.

Nikawaandikia barua kali. Wakajibu mara moja, wakaomba radhi kwa maumivu ya Khainza, kisha wakauliza swali moja: je, namba zilizoandikwa kwenye vipande vidogo vya ndani zinalingana na namba ya bastola yenyewe? Nikasema, hao, wameanza kutafuta mlango wa kutokea. Bastola ilikuwa kwa polisi, lakini kitabu changu cha ghala kilikuwa mbele yangu. Namba ya ubavuni ilikuwa mle, na kila Ijumaa nilikuwa nimeiona kwa macho yangu. Nikaandika: ndiyo, zinalingana. Wakauliza mara ya pili, kwa upole, kama nimeviangalia vile vya ndani hasa. Nikaandika: nimesema ndiyo.

Sikuwa nimeangalia. Sikutumia jicho, sikutumia kidole. Sikujua hata kama vile vipande vina namba.

Baada ya siku mbili wakaleta barua rasmi yenye nembo. Ilisema kwamba kwa kuwa mtunza silaha wa kampuni amethibitisha vipande vyote ni vya bastola hiyo, basi bastola iko kama ilivyotoka kiwandani, na ilivyotoka kiwandani haiwezi kulia kwa kuanguka, kifyatulio kilivutwa. Hajji aliichapisha nakala tatu, moja akaipeleka polisi. Kwake kesi ilikuwa imekwisha. Etyang akapelekwa rumande kwenye gereza la Mbale, lile lile nililoanzia kazi, na alichokuwa anasubiri ni kufungwa.

Nilikwenda kumwona, nadhani ili nihakikishe kwamba ni mwongo. Askari wa zamu mlangoni alinikumbuka, akatupatia benchi. Etyang alikuwa amevaa manjano ya mahabusu, na hata hayo alikuwa ameyanyoosha kwa kuyalalia. Hakulalamika. Aliniuliza hali ya mguu wa Khainza. Halafu akasema, "Mama Nambozo, mimi hapana vuta hiyo kitu. Lakini barua inasema nilivuta, na barua inasema ni wewe ulisema. Wewe najua bunduki. Niambie tu, mimi ni mwongo? Ukisema ndiyo, nitakubali, nikae kimya."

Angenitukana ningerudi Jinja nimetulia. Lakini mtu aliyekuwa tayari kukubali kwamba vidole vyake mwenyewe vimemdanganya, kwa sababu mimi nimesema, huyo alinivunja. Nilimwambia nitaangalia. Njia nzima ya kurudi, mpaka tunaingia Jinja, nilikuwa nazisoma zile barua kwenye simu, na kwa mara ya kwanza nilizisoma kama barua za mtu. Mtu aliyeuliza swali moja mara mbili.

Asubuhi nilimpitia fundi saa anayekaa barazani pale barabara kuu, nikaazima ile lenzi anayoibana jichoni. Nikajifungia ghalani na zile bastola saba zilizobaki. Namba zake ziliishia na mia nne na kumi na moja mpaka mia nne na kumi na nane, ukitoa ya Etyang, mia nne na kumi na sita, iliyokuwa polisi. Nikafungua ya kwanza, nikatoa kile kipande kinachoizuia pini isigonge risasi mpaka kifyatulio kivutwe. Nikakipeleka dirishani. Ubavuni, kwa maandishi madogo kama mguu wa sisimizi, palikuwa na namba. Haikuwa yake. Nikafungua ya pili. Haikuwa yake pia. Katika saba, moja tu ilikuwa na kipande chake, na hiyo ilikuwa bahati.

Nilikaa juu ya sanduku la risasi. Beseni lilikuwa pale pale chini ya meza, la bluu, na mswaki ndani yake. Kila Ijumaa, tangu zilipofika, nilikuwa nimezifungua zote nane, nikazitumbukiza pamoja, nikazianika juu ya gunia, nikaokota kilicho karibu. Kiwanda cha bei nafuu hakina mashine za kutoa vipande vinavyofanana sawasawa. Kinakichonga kila kipande kwa tupa mpaka kikae kwenye bastola yake, kinakiandika namba, basi. Ukikipeleka kwenye bastola nyingine kinaingia, tena vizuri, ila hakishiki mpaka mwisho. Pale ndipo walipopunguza bei. Nilipatafuta miaka miwili, kumbe nilikuwa nikipaosha kwa mikono yangu.

Hajji alifungua kwa ufunguo wake, akaingia, akanikuta vile. Nikamweleza yote. Alivua kofia yake akaishika mkononi, na nilimwona anavyopiga hesabu ya wageni wenye faili. Akasema, "Mama, umebakiza miezi mitatu. Rudisha kila kipande kwake, funga ghala, staafu kwa amani. Etyang atatoka tu."

"Atatoka lini, Hajji?"

Alilisukuma beseni kwa mguu, likaingia ndani zaidi chini ya meza. Sikumlaumu sana, maana mimi mwenyewe nilikuwa nimeshalifikiria kabla hajaingia. Lilikuwa jambo la nusu saa. Ningevipanga vile vipande, na hata ile ya polisi wangeifungua, ningesema ni kosa la kiwanda, na kila mtu angeniamini, maana nilikuwa nimekisema vibaya kiwanda kile tangu siku ya kadi. Kushuku kwangu kwa miaka yote kungekuwa ushahidi. Niliogopa jinsi lilivyokuwa rahisi. Nikachukua bahasha saba, nikaweka kila kipande kwenye bahasha yenye namba ya bastola nilimokikuta, nikamwomba Hajji atie saini kila moja kuwa ameona. Alitia zote saba, na kwa hilo namheshimu mpaka leo.

Kesho yake nilikuwa Mbale, kituo cha polisi, mbele ya inspekta aliyekuwa anataka kwenda kula. Nilimwomba aifungue bastola ya Etyang pamoja nami. Nikatoa kipande, nikampa lenzi, nikamwambia asome mwenyewe, asinisikilize mimi. Akasoma: mia nne na kumi na tatu. Akaipindua bastola, akasoma: mia nne na kumi na sita. Tukaijaribu pale pale bila risasi, penseli imetumbukizwa kwenye mtutu ili pini ikigonga tuione. Aligonga kitako mezani, na penseli ikaruka. Hakuna aliyekuwa amegusa kifyatulio. Inspekta aliiokota penseli, akaniuliza ni nani aliyekichanganya kipande hiki. Nikasema ni mimi. Akaniuliza ni nani aliyewaandikia kiwanda kwamba zinalingana. Nikasema ni mimi. Akasukuma karatasi kwangu, nikaandika, na chakula chake kikapoa.

Etyang alitoka wiki iliyofuata. Mimi niliitwa mara mbili kuhojiwa, nikaonywa kwa maandishi, na onyo hilo mtalikuta kwenye faili langu, sikulitoa. Nilikwenda Malukhu, kule Mbale, kwa Khainza, aliyekuwa anatembea kwa fimbo uani kwake, nikamwambia kwa mdomo wangu. Alinisikiliza mpaka mwisho. Akasema alikuwa amemchukia Etyang miezi miwili, na sasa hajui anichukie mimi ama apumzike. Nikamwambia achague mwenyewe. Alinipa chai. Sijui mpaka leo alichagua nini.

Kiwanda niliwaandikia pia, kila kitu, beseni na yote. Jibu lilikuja kabla ya jioni. Walinishukuru kwa uaminifu wangu, wakasema ni nadra, na wakanijulisha kwamba kwa maelezo hayo dhamana ya maisha ya bastola zote nane imefutwa. Nikawauliza kwa nini habari ya zile namba haikuandikwa kwenye kijitabu, ambacho kilikuwa na nafasi ya kutukataza tusilambe risasi. Swali hilo ndilo pekee ambalo hawajawahi kulijibu. Kwa hiyo msidhani nimewasamehe. Nimejiongeza kwenye orodha, basi.

Ile miezi mitatu iliyobaki nilifanya kazi na mikebe minane ya siagi, kila mmoja na namba yake imepakwa rangi, na kila bastola ikaoga peke yake. Mmeikuta mikebe hiyo. Msiitupe, hata akija mtu wa cheo kuwaambia beseni moja linaokoa dizeli. Ojara alikuwa mwalimu mzuri, na nilichokosea ni kukumbuka beseni lake nikasahau kidole chake.

Etyang alihamishiwa Jinja, kwa ombi lake. Nilidhani hataki kuiona ile ofisi ya Mbale. Asubuhi ya kwanza alikuja dirishani kuchukua silaha, shati limenyooshwa, akanisalimia vizuri, "Shikamoo, Mama." Nikampa bastola na kitabu cha kusaini. Kalamu hakuigusa. Alitandika kitambaa cheupe kwenye kizingiti cha dirisha, akaifungua bastola yote mbele yangu, akatoa lenzi mfukoni. Alisoma namba ya ubavuni, akasoma ya mtutu, akasoma ya kile kipande, kwa sauti, moja moja. Akatia kidole kwenye chemba. Akatazama tena. Nyuma yake foleni ilikuwa imefika getini, na watu wameanza kuguna.

Nilimwambia polepole, ili wengine wasisikie, kwamba nilikuwa nimeshaziangalia mwenyewe.

"Najua, Mama," akasema, bila kuinua macho. "Ulisema ndiyo."

Alifanya vile kila asubuhi mpaka siku niliyokabidhi funguo. Nami kila asubuhi nilisimama nikamsubiri.